Sikudhani Hayupo

Jumatatu, 9 Juni 2003

Daftari hili nimepewa na Nesi Magreth wa zahanati. Si la mambo yangu, ni la jicho. Amesema kila jioni jua likiwa bado lipo nimsimamishe binti yangu Sikudhani uwanjani, nimzibe jicho moja kwa kiganja, nisogee hatua kwa hatua nikinyoosha vidole, aniambie ni vingapi. Akianza kukosea, nihesabu hatua niandike. "Daktari anapenda namba, Mama Sikudhani. Hadithi hapendi." Mwandiko wangu si mzuri, lakini darasa la saba nilimaliza, na namba naziweza.

Jicho la kulia hatua mbili. La kushoto hatua kumi na moja.

Leo mtaalamu wa macho alipita zahanati na tochi yake ndogo kama kalamu. Alimulika watoto na wazee. Kwa Sikudhani alikaa muda mrefu. Kasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekwisha kuiva, la kushoto linaanza. Mwishoni mwa kiangazi madaktari watakuja mjini Mtwara wiki moja tu, wapasue. Tutaitwa kwa majina. Nikamuuliza, je, tukingoja mwakani? Akasema: "Jicho ni dirisha tu, mama. Anayejifunza kuona ni ubongo. Ubongo wa mtoto ukikaa sana gizani unaiacha kazi, na ukishaiacha hata ukifungua dirisha haurudi. Ana miaka saba. Usiupitishe mwaka huu."

Nimeyaandika maneno yake nisiyasahau.

Jumanne, 10 Juni

Mama yangu kauliza yule mtu wa tochi kasemaje. Nikamwambia ni mtoto wa jicho. Akasema: "Kama ni mtoto si atazaliwa mwenyewe? Wampasue wa nini?" Nikacheka mpaka mate yakanipalia. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Kulia 2, kushoto 11.

Jumamosi, 14 Juni

Kaka Athumani ameanza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Anatoka shambani mwili mzima wa njano, kope za njano, anakohoa. Jirani wanasema salfa ndiyo iliyomharibu mtoto. Nilimuuliza Nesi, akasema salfa inawasha macho tu, haileti mtoto wa jicho, wengine huzaliwa na ugonjwa huo ukiwa mdogo.

Kaka nampenda kwa jambo hili. Alisema mbele ya Mama: "Mti tunaupulizia unga uliotoka nchi tusizozijua, na tunashukuru ukizaa. Mtoto tuogope kumpeleka kwa daktari?" Mama akamwambia mkorosho hauna bibi.

2, 11.

Jumapili, 22 Juni

2, 11. Leo kasoma herufi kubwa kwenye mfuko wa salfa, mdomo karibu ugusane na mfuko.

Jumapili, 29 Juni

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Bakari, kanunua simu ya mkononi. Huku kwetu upande wa Kilambo hakuna mtandao, anaitumia kutazama saa. Kaka anamtania: "Mwenyekiti, mpigie Rais umwambie saa ngapi." Wakabishana barazani mpaka magharibi: gesi ya Msimbati itawasha taa zetu au itapita kwa bomba kwenda kwa wengine? Bakari anasema serikali imeahidi. Kaka anasema korosho nazo zilikuwa na ahadi. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nasikiliza, nawaza taa ya umeme ingemsaidia Sikudhani kusoma au ingemuumiza macho. Nitamuuliza Nesi.

2, 11.

Jumanne, 8 Julai

Leo wamekuja kunieleza. Nasema kunieleza maana hawakuja kuniuliza.

Kaka aliketi kwenye kigoda, Mama mkekani, mimi karibu na mlango. Kaka kasema mwaka huu unyago unachezwa, mabinti tisa, na mpwa wake ataingia. Nikasema, "Kaka, macho yake. Na hospitali."

"Hospitali ni mwisho wa kiangazi. Unyago ni wiki nne, atakuwa ameshatoka."

"Angekwenda mwakani."

Mama akadakia: "Mwakani nani atakayecheza? Mwaka juzi njaa, mwaka jana msiba. Unataka wenzake watoke yeye abaki mtoto, akipita wamzomee? Kuona haoni vizuri, na heshima pia umnyime?"

Nilimtazama kaka. Yule wa salfa, wa nchi tusizozijua. Akatazama chini akasema, "Hadija, mimi ndiye mjomba. Wataniuliza mimi." Kumbe naye kuna wanaomuuliza.

Baba yake Sikudhani yupo mjini, Likombe, anajenga nyumba za watu. Hata angekuwapo, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, neno ni la mjomba. Nikasema sawa. Nilisema upesi mno, najua.

2, 10. Labda nilihesabu vibaya.

Jumamosi, 12 Julai

Ameingia. Hakuna namba.

Jumapili, 20 Julai

Hakuna namba. Sauti za ngoma nazisikia. Mimi mama yake sina ruhusa ya kwenda kumtazama jicho. Nimepika chakula chake kikapelekwa, chombo kimerudi kitupu, basi anakula.

Jumamosi, 2 Agosti

Redio inasema daraja la Rufiji limefunguliwa leo. Watu wanatoka Dar kwa gari bila kungoja kivuko. Kaka kashangilia kama goli. Mimi moyo wangu umefurahi kwa jambo jingine: Nesi alisema madaktari wa macho watakuja kwa barabara na vyombo vyao. Serikali imejenga daraja refu vile, na kwangu mimi ni kama limejengwa kwa ajili ya jicho moja dogo.

Hakuna namba.

Jumamosi, 9 Agosti

Wametoka! Walitembea mstari mmoja, mafuta yanang'aa, khanga mpya, macho chini. Wangu wa sita. Alipofika kwenye jiwe pale njiani wenzake walilikwepa, yeye akajikwaa. Mwali haruhusiwi kulia, hakulia.

Jina lake jipya ni Somoe. Alilichagua somo wake, mwanamke aliyemfunda. Lile la zamani limetupwa, halitajwi tena, kulitaja ni kumtukana mwali. Jina lile alipewa na Mama siku nilipojifungua, nina miaka kumi na saba, na kila mtu alikuwa na la kusema. Sasa aliyekuwa na jina lile amebaki kule porini. Mimi nami si mama wa yule tena, ni Mama Somoe. Nimelisema mara nyingi peke yangu ulimi uzoee.

Jioni nimempima kwa furaha. Kulia hatua moja. Kushoto hatua nane.

Nikampima tena. Moja. Nane.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda zahanati asubuhi. Nesi kasikitika zile wiki nne, lakini hakunigombeza. Nikamwomba abadilishe jina kwenye orodha. "Orodha ilikwenda Mtwara tangu mwezi uliopita, dada yangu. Nikianza kupeleka majina mengine watasema ni mtoto mwingine." Akacheka kidogo, yeye ni wa Bukoba. "Jamani nyie watu wa huku! Mnataka serikali iwafahamu, na kila mkicheza ngoma mnabadilika." Akaandika *Somoe* kwa penseli pembeni ya kadi. Lile la wino likabaki.

Ijumaa, 15 Agosti

1, 8.

Jumatano, 27 Agosti

Redio imesema leo nyota nyekundu, Mars, ipo karibu na dunia kuliko ilivyopata kuwa kwa maelfu ya miaka. Baada ya kula tulitoka uwanjani wote. Kweli ilikuwapo, juu ya mikorosho upande wa mashariki, nyekundu kama kaa la moto. Kaka alieleza: dunia ni kama mtu anayezunguka ngoma, na ile nyota nayo inazunguka kwa nje, leo wamepishana bega kwa bega. Mama akauliza aliyepima huko juu ni nani na alitumia kamba gani.

Somoe akasema, "Naiona! Kubwa, ina nywele." Alikuwa ameelekeza kidole kwenye taa ya chemli ya jirani.

Kaka alimshika begani akamgeuza taratibu mpaka akaielekea nyota, akasema, "Ndiyo, hiyohiyo." Kisha akaingia ndani.

Jumapili, 7 Septemba

Baba Somoe amekuja kwa siku mbili. Kaingia uwanjani na mkate wake wa mjini, kamwona mwanawe, furaha ikamzidi akamwita kwa jina lile. Kwa sauti, jirani wakasikia. Mtoto akajifunika uso akakimbilia jikoni, akalia kilio ambacho hakulia hata siku ya kutoka. Mama alisimama na mwiko. "Rajabu! Mwanao umemvua nguo mbele za watu!"

"Mama, nisamehe, ulimi tu."

"Ulimi una mwenyewe."

Alikwenda akapiga magoti mlangoni pa jikoni, mwanamume mzima, akimwita Somoe, Somoe, Somoe, mpaka akatoka. Nilicheka na machozi yananitoka. Alipolala mchana nilimtazama viganja vyake vilivyoliwa na saruji, nikawaza, huyu hajui kwamba hatua zimebaki saba. Jioni nikamwambia. Akasema nikiitwa tu niende, nisimngoje.

1, 7.

Ijumaa, 12 Septemba

Nesi kaenda semina mjini wiki mbili. 1, 7.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya swala ya Ijumaa Mzee Bakari kasoma majina ya watu wa macho. Mimi nilikuwa shambani kwa kaka tunafyeka chini ya mikorosho, Mama kabaki na mtoto. Niliporudi nilimkuta Rukia jirani kisimani. Akasema wametajwa wazee wanne, na mtoto mmoja wa kitongoji cha pili.

"Na Somoe?"

"Somoe sikusikia, shoga. Ningesikia Somoe si ningekimbia kukuita?"

Lile la kwenye orodha nisingeweza kumtajia, nikaenda kwa mwenyekiti mbio. Mkewe kasema ameondoka muda huohuo kwa gari la kata, ana mkutano mjini.

Labda ipo orodha ya pili. Nesi alisema watu ni wengi, labda wanaita kwa mafungu. Nitasubiri.

0, 6. Leo kwa jicho la kulia hakuona vidole kabisa, aliona mkono unapunga.

Jumatatu, 22 Septemba

0, 6. Hakuna orodha ya pili.

Jumatano, 24 Septemba

0, 6. Kaka kauliza mara mbili kama nimeitwa.

Alhamisi, 25 Septemba

Nesi amerudi leo. Nilikuwa nateka maji, kanikuta njiani, akasimama kama ameona jini.

"Hadija! Wewe unafanya nini hapa?"

"Nateka maji."

"Mtoto yuko wapi? Si mlitakiwa hospitali tangu Jumatatu? Jina lake nimeliona mwenyewe kwenye orodha, la tatu!"

Ndoo niliiacha palepale. Mwenyekiti naye alikuwa amerudi leo, tulimkuta ofisini anafuta simu yake kwa shati. Nesi ndiye aliyemuuliza. Mzee Bakari akavua kofia.

"Ningelisomaje, Nesi? Mwali ametoka juzi. Kwa bibi yake ni karibu, wanawake wamejaa. Nilipolifikia nililiruka, mwishoni watu wakiinuka nikasema, 'Na mtoto mmoja wa kwa kina Athumani, mama yake afike ofisini.' Hadija, hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Kila aliyesikia alidhani mwenzake ameniambia. Rukia alikuwa anasikiliza Somoe, na Somoe haikusemwa.

Nesi kasema kesho Ijumaa ndiyo siku ya mwisho, bado tunaweza kuwahi. Lori la mihogo linaondoka alfajiri. Mama anakuja nami amshike mtoto. Nimefunga khanga mbili, muhogo wa kuchemsha, kadi, na daftari hili, maana daktari anapenda namba.

Sijampima leo. Tutampima wakishampasua.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika ya jana. Tumerudi leo mchana.

Lori liliharibika kijiji cha Ziwani, tukafika hospitali saa tano na nusu. Kwenye benchi za macho kulikuwa na watu kama ishirini, wazee wengi wamefungwa bandeji nyeupe jicho moja, wanacheka, wanasimuliana walivyoona nyuso za wake zao baada ya miaka. Nilisikia moyo wangu ukiwa mwepesi. Nilisema, Mungu huyu anachelewa lakini anafika.

Karani alikaa kwenye meza karibu na mlango wa chumba cha upasuaji. "Jina?" Mama alikuwa nyuma yangu amemshika Somoe mkono. Sikutamka, nikampa kadi. Akaisoma kimoyomoyo bila kututazama, akatafuta kwenye karatasi yake. "Ahaa. Mmechelewa siku nne, lakini daktari alisema wa watoto wasifutwe mpaka leo. Ana bahati. Mama, mpeleke jengo lile akatolewe damu, kisha mtoto akae hapa, wewe ungoje majibu kule. Ataitwa."

Somoe walimtoa damu kidole, nikamrudisha kwa bibi yake. Mimi niliambiwa ningoje majibu kulekule. Kabla sijarudi kule nilimwinamia Mama: "Wakiita, inukeni mwende pale mlangoni."

"Watamwitaje?"

Hapo ndipo. Nimelala usiku mzima nimekaa hapo, na leo naandika bado nimekaa hapo. Mama ameniuliza swali la neno moja, na jibu nalo lilikuwa neno moja. Somoe alikuwa katikati yetu, kainamisha kichwa upande kama anavyofanya akitaka kuona, ananisikiliza. Nikaona uso wa baba yake amepiga magoti jikoni. Nikasema, "Wataita tu, Mama. Mtajua."

Majibu ya damu yalichukua saa mbili. Nilitaka kurudi nikaogopa wataita namba yangu ya majibu nikiwa sipo. Niliporudi ilikuwa saa nane. Benchi zimepungua. Mama alikuwa ameketi wima, mkono mmoja umemzunguka mjukuu wake, na khanga yake ameivua begani akamfunika Somoe kichwa chote. Nilidhani amesinzia.

"Hawajaita?"

"Wameita watu wao. Somoe bado."

Nikakaa. Tukala muhogo, mtoto hakupewa, nilikumbuka Nesi alisema asile. Mlango ulifunguka na kufungwa. Aliingia mtoto wa kiume na mama yake, nikamwombea. Saa tisa na nusu walianza kutoa masanduku. Nikaenda kwa karani na majibu yangu mkononi.

"Bado tunangoja."

"Nani?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kwenye karatasi yake, mstari wa tatu. Mbele ya jina kulikuwa na neno kwa kalamu nyekundu: *Hayupo.*

"Mama, huyu nimemwita mara tatu," akasema, wala si kwa ukali. "Nilitoka mpaka pale kwenye nguzo. Nikampa nafasi mtoto kutoka Chikongola aliyekuwa wa akiba. Ulikuwa wapi?"

Niligeuka. Mama alikuwa ananitazama.

"Mama. Walimwita?"

"Hawakumwita."

"Mama, walimwita lile la zamani?"

Akakaza khanga kichwani kwa mtoto. "Nilisikia mtu anamtukana mjukuu wangu mbele za watu. Mara ya kwanza nikasema hajui. Mara ya pili nikamfunika. Mara ya tatu nikamwambia mtoto, usiitike, mwanangu, wewe si huyo."

Somoe akasema kutoka ndani ya khanga, kwa sauti ya mwali aliyefundishwa vizuri: "Mimi sikuitika, mama."

Mama alinitazama mimi, akatazama yale majibu ya damu, akatazama masanduku yanayotolewa, na nikaona linamwingia. Liliingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye jaruba la mpunga. Akasimama. Mama yangu, ambaye hapazi sauti hata msibani, akaenda mpaka kwenye ule mlango akaugonga kwa kiganja.

"Sikudhani yupo! Sikudhani Rajabu yupo, huyu hapa! Mfungulieni! Sikudhani!"

Wazee wa bandeji wakageuka. Wawili walikuwa watu wa kwetu, niliona walivyotazama pembeni. Somoe alishuka kwenye benchi akaingia chini yake, akajikunja.

Daktari akatoka, mwanamke, barakoa imening'inia shingoni, macho yamechoka. Hakugomba. Alipiga magoti akamwita "mtoto mzuri" akamtoa chini ya benchi, akammulika. Nikampa daftari. Alizisoma namba zote, ukurasa kwa ukurasa, hata pale nilipoandika hakuna namba aliuliza kwa nini. Nilimweleza. Akafumba macho kidogo.

Akasema vioo vya kupandikiza ndani ya jicho vya watoto vimekwisha, cha mwisho ameingia nacho yule wa Chikongola. Mtambo wa kuchemshia vyombo umeshafungwa, alfajiri wanaondoka. Wanarudi Aprili, mvua zikiisha. "Jicho la kushoto endelea kulipima. Tukiliwahi Aprili litaona."

"Na la kulia?"

"La kulia sitakudanganya, mama."

Akanirudishia daftari kwa mikono miwili. Mtu mzuri. Kila mtu jana alikuwa mtu mzuri. Karani alituletea maji. Ningepata hata mmoja mbaya nikamshika shati, ningepumua.

Jumapili, 28 Septemba

Sikumpima.

Jumatano, 1 Oktoba

Mama hali chakula. Anakaa jikoni, anachochea moto usio na chungu. Kaka alikuja akasimama uwanjani, akasema kosa ni lake, aliyemwingiza mwaka huu ni yeye. Mzee Bakari alikuja akasema kosa ni lake. Rukia kaleta samaki akasema angeuliza vizuri. Wote wanalitaka kosa. Mimi nalijua lilipo. Niliogopa kutamka herufi tisa, na kuziandika naweza.

0, 6.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nilikuwa nimemkasirikia Mama, sasa naona hapana. Katika watu wote kwenye zile benchi ndiye peke yake aliyemlinda mtoto. Alimlinda kwa alichokuwa nacho, khanga moja.

Lakini siwezi kumwambia. Nikifungua mdomo tunalia.

0, 6.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Nesi nikamwambia basi sasa aandike Somoe, kwa wino. Akatikisa kichwa. "Nimeuliza. Waliokosa Septemba ndio wa kwanza Aprili, kwa majina yaleyale. Ukibadilisha jina unakuwa mgonjwa mpya, unakwenda mwisho wa foleni."

Kwa hiyo Aprili wataliita tena lilelile, mbele za watu. Nimerudi nikamweleza Mama.

0, 6.

Jumapili, 12 Oktoba

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Ruvuma, vumbi limetulia. Korosho za kwanza zimeanguka.

Asubuhi Mama alimkamata yule kuku wake mweupe wa mayai, akafunga khanga mbili kama mtu wa sherehe, akaniambia, "Twende." Tukaenda kwa nyakanga, mwanamke mkuu wa unyago wetu. Alikuwa anapepeta.

Mama akaweka kuku chini. "Nimeleta faini."

"Ya nini?"

"Ya kutaja jina la mwali."

"Ya hospitali? Ile tumeshasikia, mama. Ulikuwa umechanganyikiwa, hatukudai."

"Ile mmenisamehe. Hii ni ya Aprili. Nitalitaja tena, kwa sauti, na nikiulizwa nitasema nimelipa."

Nyakanga aliacha kupepeta. Wanawake waliokuwapo wakatazamana. Mmoja akasema, "Tangu lini mtu analipia tusi kabla hajatukana?" Wakataka kucheka, wakamwona Mama uso wake, wakaacha. Nyakanga alimpapasa kuku kifua, akamfunga miguu, akamweka kivulini. Akasema, "Litaje mara moja tu lakini."

Kumbe Somoe alitufuata. Alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta, kasikia yote. Njiani alinishika upindo wa khanga, Mama yuko mbele yetu anatembea upesi, hakugeuka.

"Mama, Bibi atanitukana tena?"

"Atakutukana."

"Kwa nini?"

Nilitafuta neno zuri zaidi, sikulipata. "Ili uone."

Akatembea mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Ananisikiliza miguu, maana njia haioni vizuri siku hizi, anaweka wake pale wangu ulipotoka. Kisha akasema:

"Basi mwambie siku hiyo anitukane kwa nguvu. Ile siku nilifunikwa khanga, sikusikia vizuri."